Pikipiki Kuukuu za Marekani na Mshahara wa Mfanyakazi

Yako mambo ambayo watu huyahesabu kuwa madogo mpaka siku yanapoingia katika mfuko wa mfanyakazi. Ununuzi wa pikipiki iliyokwisha tumika ni moja katika mambo hayo. Hapa kwetu pikipiki ni ng'ombe wa kazi. Yabeba abiria, yabeba mkaa na mikungu ya ndizi, yabeba hata kitanda na godoro lake. Mwenye nayo huihesabu kwa siku, na jioni anajua imemletea nini. Lakini ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, wa kutoka Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo, waliokwenda Marekani kutafuta riziki katika viwanda vya nyama, katika maghala na katika nyumba za kutunzia wazee, wameikuta huko pikipiki ya namna nyingine kabisa, nayo imewavutia baadhi yao. Ni ile pikipiki ndefu ya kiti cha chini, yenye usukani ulioinuka na vyuma ving'aavyo, ambayo mpandaji wake huketi kama aliyeketi barazani, miguu ameitanguliza mbele. Wamarekani huiita kruza.

Twasema mapema, ili msomaji asiyatafute maoni yetu mpaka mwisho wa safu. Hatuoni kosa mfanyakazi kununua kitu cha kumfurahisha kwa jasho lake mwenyewe. Mtu aliyesimama saa kumi akikata nyama katika chumba cha baridi hana haja ya kuomba ruhusa kwetu ili apate kitu cha kumpunga upepo siku ya Jumapili. Tunalolipinga ni kununua kwa deni chombo asichokijua, kwa ajili ya jina lililoandikwa kwenye tangi. Na tunalolipinga zaidi ni kukipanda kabla ya kujifunza, maana huko nako, kama huku, barabara haimjui mgeni.

Tuanze na hilo jina, kwa sababu ndilo linalowagharimu watu. Kampuni ya Harley-Davidson ilianza katika mji wa Milwaukee mwaka 1903, na kwa mtu wa kawaida kule Marekani kruza na Harley ni kitu kimoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi nyumbani walinunua pikipiki nzito, wakakata vifuniko vya magurudumu na kuondoa kila chuma walichokiona hakina kazi, ili ziwe nyepesi na za kuvutia. Desturi hiyo ya mafundi wa uani ndiyo iliyozaa umbo tunalolizungumzia. Mwaka 1969 ikatoka sinema ya Easy Rider, na vijana wa dunia nzima wakaona usukani mrefu na kiti cha chini kuwa alama ya uhuru. Kampuni nayo ikaiga kilichokuwa kikifanywa na wateja wake: mwaka 1971 ikatoa Super Glide, na mwaka 1977 ikatoa Low Rider, ambayo jina lenyewe lasema kwamba mpandaji yu chini.

Miaka hiyohiyo, lakini, kiwanda kilikuwa mashakani. Kilikuwa kimenunuliwa mwaka 1969 na kampuni iitwayo AMF, iliyoongeza idadi ya pikipiki zilizotoka kwa mwaka kuliko uangalifu wa kuziunda. Pikipiki za wakati ule zilivuja mafuta mpaka watu wakazifanyia mzaha. Mwaka 1981 wakuu 13 wa kampuni wakakopa fedha na kuinunua tena. Mwaka 1983, wakati wa Rais Reagan, serikali ya Marekani ikaweka ushuru wa nyongeza wa asilimia 45 juu ya pikipiki kubwa zitokazo nje, zile zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 700. Wajapani walifanyaje? Waliipunguza injini ya 750 ikawa chini kidogo ya 700, wakaendelea kuuza. Mpaka leo mnunuzi wa mitumba anaweza kuzikuta Honda Shadow na Yamaha Virago za miaka hiyo zenye kipimo hicho cha ajabu, naye asijue kwamba mbele yake pana kumbukumbu ya vita vya forodha.

Kwa nini tumesimulia hayo katika makala ya kununua pikipiki? Kwa sababu yuko mtu atakayemwambia ndugu yetu kwamba Harley peke yake ndiyo pikipiki ya kweli, iliyoundwa na mikono ya Wamarekani, na nyingine zote ni za kuigiza. Hilo si kweli. Honda ilifungua kiwanda chake cha pikipiki huko Marysville, Ohio, mwaka 1979, na wafanyakazi wa Ohio waliunda Shadow kubwa kwa miaka mingi. Kawasaki ilikuwa na kiwanda Lincoln, Nebraska, hata kabla ya hapo. Kwa upande wa pili, Harley nyingi za miaka hiyo zilikuwa na kabureta ya Keihin na mabomba ya mbele ya Showa, vyote vya Wajapani. Aliyenunua jina amenunua jina. Chuma ni jambo jingine. Wala kampuni yenyewe haikufungwa na wimbo huo wa nyumbani: Januari 2018 ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Kansas City, kikafungwa mwaka 2019, wafanyakazi wapatao mia nane wakipoteza kazi zao, na mwaka huohuo wa 2018 kiwanda chake kipya kilifunguliwa Thailand. Hatusemi kwamba Harley ni mbaya. Twasema mfanyakazi asilipe maelfu ya dola ya ziada kwa ajili ya uzalendo ambao mwenye mali mwenyewe haubebi.

Sasa twende kwenye kiti. Sifa ya kwanza ya kruza ni kwamba mpandaji anafikisha nyayo zote mbili chini asimamapo. Honda Rebel 250, kwa mfano, kiti chake kiko kama sentimita 68 kutoka ardhini, ilhali pikipiki nyingi za kawaida hukaribia sentimita 80. Kwa mtu mfupi, na kwa mwanamke aliyechoka kuambiwa kwamba pikipiki ni ya wanaume, hii si sifa ndogo. Uchunguzi wa baraza la wafanyabiashara wa pikipiki huko Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake walikuwa asilimia 19 ya wenye pikipiki, idadi iliyokuwa ikipanda. Hatushangai kwamba wengi wao huanza na kiti cha chini.

Hata hivyo ushusho una bei yake, na mwuzaji hawezi kukutajia. Pikipiki iliyolazwa chini haina nafasi ya kuinama sana katika kona. Sehemu za kukanyagia hugusa lami mapema, na mpandaji akizidisha, chuma kigumu cha chini hugusa na kuinyanyua gurudumu. Springi za nyuma hazina mwendo, kwa hiyo kila shimo huingia mgongoni. Gurudumu la mbele limesogezwa mbali na injini, jambo linaloifanya itulie katika barabara iliyonyoka lakini iwe nzito kugeuzwa katika njia nyembamba. Aliyezoea kupenya na Boxer kati ya daladala za Kariakoo atajikuta kama nahodha wa ngalawa aliyekabidhiwa jahazi. Ujuzi wa huku ni ujuzi kweli, lakini si wote unaovuka bahari.

Na hapo twafika penye ugomvi, yaani ukubwa. Rebel 250 ina uzito upatao kilo 150. Sportster ya 883, ambayo Wamarekani huiita ya kuanzia, inakaribia kilo 255. Zile kubwa za safari zenye masanduku na vioo hupita kilo 360. Mtu akishindwa kuishika ya kilo 360 ikianza kulala, hailali peke yake; humlalia mguu. Tumesikia hoja kwamba afadhali kununua kubwa mara moja kwa sababu ndogo itamchosha mwenyewe baada ya miezi sita. Hoja hiyo hutolewa na wauzaji, na hutolewa na marafiki wasiolipa. Sisi tunaona kinyume. Rebel ya injini ya 234, iliyouzwa tangu mwaka 1985 na kutengenezwa kwa miaka mingi hadi 2016, ndiyo iliyotumiwa na shule nyingi za kufundishia. Imeangushwa na wanafunzi maelfu na bado yaenda. Suzuki Savage, ambayo tangu 2005 iliitwa Boulevard S40, ina pistoni moja tu na mkanda badala ya mnyororo. Fundi mwenye akili aweza kuielewa kwa siku moja. Yamaha V Star 650 ina shafti, haina mnyororo wa kupaka mafuta. Atakayenunua moja ya hizo kwa dola elfu mbili au tatu, akaitunza, miaka miwili baadaye ataiuza kwa bei isiyopungua sana. Huko ndiko kuchoshwa kwa faida.

Kwa anayetaka Harley pamoja na yote tuliyoyasema, na tunajua wapo, Sportster yenyewe ina hesabu yake ya miaka. Ilianza mwaka 1957. Mwaka 1986 ilipata injini mpya iitwayo Evolution, na ile ya 883 ikauzwa dola 3,995 tu, ili mtu wa kipato cha chini aingie katika jamaa. Kuanzia 2004 injini ilikalishwa juu ya mpira, mtikisiko ukapungua. Kuanzia 2007 kabureta iliondolewa, mafuta yakawa yanapulizwa kwa kompyuta. Asiye na fundi wa karibu huenda akaona afadhali ya zamani yenye kabureta. Mwenye mgongo unaouma atafute ya 2004 na kuendelea. Wale wanaovutiwa na injini kubwa za Twin Cam za kuanzia 1999 hadi 2006 wajue jambo moja lisilo la siri miongoni mwa mafundi: ndani ya injini hizo mna vipande vya plastiki vinavyokaza minyororo ya kamu, navyo huliwa. Vikimalizika, mabaki yake huingia katika njia za mafuta na injini hufa. Mwuzaji aulizwe lini vilitazamwa, na aonyeshe karatasi ya fundi. Akijibu kwamba yeye hajui habari hizo, basi bei ishuke kwa gharama ya kuvibadilisha. Vilevile Virago kubwa za mwanzo, za 1981 mpaka 1983, zina stata yenye sifa mbaya. Ikilia kama mashine ya kusaga kokoto, ndiyo hiyo.

Yafaa sasa tuseme jinsi ya kuitazama pikipiki yenyewe, maana hapa ndipo fedha hupotea au huokoka, na sisi hatupendi kumwacha msomaji na maonyo matupu.

Aende mchana, si usiku, wala si wakati wa mvua. Maji huficha mikwaruzo na kiza huficha kila kitu. Amwambie mwuzaji mapema kwamba asiiwashe injini. Akifika, kabla ya salamu kwisha, aweke mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, imepashwa ili isionekane jinsi inavyokataa kuwaka asubuhi. Kosa hilo peke yake latosha kumfanya mtu arudi nyumbani, ingawa twakubali kwamba wapo wauzaji wenye haya wanaopenda tu mgeni asingoje.

Achukue tochi, afungue tangi na kutazama ndani. Tangi la chuma lililokaa miaka na petroli nusu huota kutu, na kutu huteremka katika kabureta. Hili lahusu kruza kuliko pikipiki nyingine, kwa sababu nyingi hazikutumika kwa kazi. Zilinunuliwa na watu wazima wenye fedha, zikapandwa Jumapili nne au tano, kisha zikakaa gereji. Uchunguzi uleule wa 2018 ulisema umri wa kati wa mwenye pikipiki ulikuwa miaka 50. Wazee hao wanauza sasa kwa sababu magoti yamekataa. Ndiyo maana utaona tangazo la pikipiki ya miaka 20 iliyokwenda maili elfu nne tu, na mnunuzi hufurahi kana kwamba amepata dhahabu. Asifurahi haraka. Mpira hukauka hata ukiwa umesimama, mafuta ya breki hunywa unyevu, petroli ya Marekani yenye spiriti hugeuka gundi katika vijitundu vya kabureta. Sisi tungechagua ya maili elfu ishirini iliyopandwa kila wiki na kubadilishwa mafuta kwa wakati, kuliko ya elfu nne iliyolala kama maiti aliyepambwa.

Tairi zina maandishi, na maandishi hayo hayasemi uongo. Pembeni, baada ya herufi DOT, mna tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa imeandikwa 2312, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, hata kama kashata zake bado nzima na nyeusi kama mpya. Tairi za umri huo ni za kutupa. Mnunuzi aiweke bei ya mbili mpya katika hesabu kabla ya kutaja bei yake.

Atazame ncha za usukani, ncha za vikanyagio, mkono wa klachi na wa breki, na pembe za ekzosi. Mikwaruzo ya upande mmoja yasema ililala. Mikwaruzo ya pande zote mbili yasema ililala zaidi ya mara moja. Kuanguka ikiwa imesimama si dhambi kubwa. Lakini aipande mbele kidogo, aachie mikono kidogo tu katika mwendo wa polepole, aone kama yavuta upande. Aitazame kwa nyuma, magurudumu yafuatane kama mtu na kivuli chake. Mabomba ya mbele yakiwa na unyevu wa mafuta, mpira wa kuzuia umekufa. Breki ya mbele ikibanwa na pikipiki kusukumwa, isisikike kishindo chochote shingoni.

Kisha umeme. Kipimo cha volti hakigharimu sana, na chaingia mfukoni. Betri iliyotulia isome karibu na 12.6, injini ikinguruma kidogo isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, kuna maradhi katika mtambo wa kuchajia, na maradhi hayo hutibiwa kwa mamia ya dola, si kwa betri mpya kama mwuzaji atakavyodai. Mkanda wa nyuma, ikiwa ni ya mkanda, utazamwe meno yote kwa kuzungusha gurudumu. Tundu moja lililotobolewa na kokoto huweza kuukata siku yoyote, na katika Harley nyingi kuubadilisha ni kazi ya kufungua nusu ya pikipiki.

Twataka kusema neno kali kuhusu mapambo. Kruza ni pikipiki ambayo kila mwenye nayo hudhani yeye ni mwunzi. Mmoja huinua usukani mpaka mikono inakuwa kama ya mtu aliyetekwa nyara, na kebo za breki zavutika. Mwingine hushusha springi mpaka tairi yagusa kifuniko. Wa tatu hutoboa ekzosi ili mtaa mzima umsikie, na akaacha kuirekebisha kabureta, injini ikawaka kwa hewa nyingi na petroli chache, vali zikaungua. Kisha wote watatu hutaka kulipwa gharama ya uharibifu wao! Katika tangazo husema, nimeongeza vitu vya dola elfu tatu. Mnunuzi ajibu kwamba yeye ananunua pikipiki kama ilivyotoka kiwandani, na vilivyoondolewa ndivyo anavyovitaka. Isiyoguswa na mtu ina thamani kuliko iliyopambwa, na asiyejua hayo hulipia ujinga wa mwingine.

Karatasi ni muhimu kuliko injini. Injini mbovu hutengenezwa. Hati mbovu haitengenezwi. Pikipiki za kuanzia toleo la 1981 zina nambari ya tarakimu na herufi 17 iliyochongwa kwenye fremu, kwa kawaida shingoni. Nambari hiyo ifanane na ya hati ya umiliki, herufi kwa herufi. Jina katika hati liwe la yule anayeuza, wala si la shemeji yake aliyehamia Florida. Hati ikiandikwa kwamba pikipiki ilihesabiwa kuwa chakavu na kampuni ya bima, bei yake si bei ya nyingine, na kampuni nyingi hazitaki kuikatia bima kamili. Baada ya mafuriko ya Houston mwaka 2017 vyombo vingi vilivyozama vilikaushwa na kupelekwa majimbo mengine. Shirika la kupambana na wizi wa bima, NICB, lina daftari ambalo kila mtu aweza kulitazama bure kwa nambari hiyo ya 17, lionyeshe kama chombo kiliibiwa au kilihesabiwa chakavu. Ndugu zetu wengi hawalijui. Na ikiwa benki ya mwuzaji bado ina deni juu ya pikipiki, fedha zilipwe mbele ya benki yenyewe, risiti ya kufuta deni itoke siku hiyohiyo. Mwuzaji akiahidi kuituma kwa posta, mnunuzi arudi na fedha zake.

Hapa lazima tuseme juu ya mkopo. Dola 10,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kulipwa miaka mitano, ni karibu dola 222 kila mwezi, na mwisho wake mtu amelipa dola 13,350 hivi. Zile 3,350 za ziada zingemnunulia Rebel nyingine nzima. Kwa miaka hiyo mitano pikipiki yashuka thamani, bima yadaiwa kamili kwa sababu mkopeshaji ataka hivyo, na theluji ya miezi minne yaifungia gereji huku malipo hayajui theluji. Mfanyakazi wa kiwanda cha nyama aweza kupunguzwa saa za kazi wiki yoyote. Kuna nyumba huku kwetu zinazongoja ada ya shule kutoka katika mshahara huohuo. Hatuandiki haya kwa kuwaonea wivu waliopata. Twayaandika kwa sababu barua ya kuomba nauli ya kurudishia maiti tumeiona, na hesabu ya mwezi iliyomezwa na deni tumeiona pia.

Na maiti tumezitaja si kwa kutisha. Hesabu za serikali ya Marekani zaonyesha kwamba kwa kila maili iendwayo, mpanda pikipiki hufa zaidi ya mara 20 kuliko aliyemo ndani ya gari. Uchunguzi wa Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuzitazama ajali 900 za Los Angeles mahali zilipotokea, ulikuta kwamba wapandaji 92 katika kila 100 waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefundishwa na ndugu na rafiki. Aidha, katika ajali nyingi za kugongana, mwenye gari ndiye aliyekata njia, mara nyingi akipinda kushoto mbele ya pikipiki asiyoiona. Nani kati ya vijana wetu waliokwenda huko hakufundishwa na rafiki, uwanjani, kwa nusu saa? Leseni ya gari haimruhusu mtu kupanda pikipiki kule. Sharti apate kibali chake maalum. Katika majimbo mengi, anayemaliza mafunzo ya siku mbili tatu yanayofuata mtaala wa Motorcycle Safety Foundation husamehewa mtihani wa barabarani, na shule humpa pikipiki yao ya kuangushia. Apande hiyo kwanza. Wapo waliogundua siku ya pili kwamba hawaipendi kazi hii, wakaokoa maelfu.

Kuhusu kofia, twastaajabu kwamba Illinois na Iowa, majimbo yenye watu wetu wengi, hayana sheria ya kumlazimisha mpandaji kuivaa. Sheria isipomlazimisha, akili imlazimishe: wataalamu wa usalama wa barabara wa serikali wakadiria kwamba kofia hupunguza vifo vya wapandaji kwa asilimia 37. Lakini iwe ya kweli, nzito, yenye muhuri wa DOT nyuma, wala si ile nyembamba kama bakuli inayouzwa kwa wapenda kruza kwa ajili ya sura. Mwenye dola 3,000 asitumie zote 3,000 kwa pikipiki. Atenge 500 au 600 kwa kofia, glavu, koti na viatu vinavyofika juu ya kifundo, na nyingine za tairi na betri, kisha atafute pikipiki kwa kilichobaki.

Wakati wa kutafuta nao una maana. Mwezi wa Aprili na Mei jua linapotoka kila mtu wa Minnesota na Ohio hujikumbusha kwamba anaipenda pikipiki, na bei hupanda. Mwezi wa Novemba mwenye gereji ndogo ataka nafasi ya gari lake, mke ameishasema mara tatu, na anayefika na fedha taslimu husikilizwa. Atakayenunua wakati huo aombe injini iwashwe ikiwa baridi ya asubuhi, aitoe petroli iliyomo kwenye kabureta, aivue betri na kuiweka ndani ya nyumba, na majina ya wanafunzi wa mafunzo ya masika huandikwa mapema mwaka. Nafasi zikijaa, hungoja mpaka Juni.